MAONGEZI YA NYUMBANI: Ukoga wa Meno, wa Watu na wa Mbwa

Mwezi uliopita tuliongea nanyi habari za maji ya kunywa na mitungi yake. Mwezi huu twataka kuongea habari ya kitu kidogo sana, ambacho kila mmoja wetu anacho kinywani hivi sasa asomapo maneno haya, nacho ni ukoga wa meno. Labda wengine watacheka na kusema, "Mwalimu amekosa la kuandika." Nasi tungalicheka vile vile mwaka jana, kabla mbwa wetu hajatufundisha.

Mbwa alivyotufundisha

Hapa kwetu Mapinga, katika njia itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, nyumba nyingi hufuga mbwa wa kulinda. Wetu jina lake Simba, umri wake miaka saba. Siku moja aliacha kula. Alikiendea chakula, akakinusa, akarudi kulala. Mate yalimtoka, yana damu kidogo ndani yake, na chini ya jicho la kuume palikuwa pamevimba. Kinywa chake kilikuwa kikinuka tangu zamani, lakini sisi tulizoea kusema, "Huyu ni mbwa, na mbwa hunuka."

Kijana wetu wa miaka kumi alipiga magoti ili amfumbue kinywa, atazame kama amekwamwa na mfupa. Tulimvuta mkono upesi. Maana mbwa atokwaye na mate, asiyeweza kumeza, aliyegeuka tabia, huenda akawa na kichaa cha mbwa. Na ugonjwa huo ukiisha kumwonyesha mtu dalili zake, karibu kila mtu hufa. Basi tulimfungia Simba uani, tukakataza watoto kumkaribia, tukamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo ni kijana mwenye adabu. Alipofika alituamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Neno lake la pili lilikuwa, "Mbwa huyu amechanjwa lini?" Tukamwonyesha kadi, maana Simba huchanjwa kila mwaka. Akauliza tena kama ameumwa na mnyama wa mwitu au mbwa mgeni, tukasema hapana. Hapo ndipo akavaa mifuko ya mikono, akamfunga Simba kinywa kwa kamba, akainua mdomo wa juu taratibu, akatuita tutazame.

Magego ya nyuma hayakuonekana kuwa meno. Yalikuwa kama mawe ya pwani, yamefunikwa gamba la rangi ya kahawia, na ufizi ulioyazunguka ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, unatoa usaha. Bwana mifugo akasema, "Mwalimu, hiki si kichaa. Huu ni ugaga. Ulianza zamani kuwa ukoga laini, wala hapana mtu aliyeuondoa. Sasa mzizi wa jino umeoza, na usaha umepanda mpaka chini ya jicho. Siku nyingi mbwa huyu ameumwa na hakuwa na kinywa cha kusema."

Alipokuwa akinawa mikono, alitutazama kidogo, akasema kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Na wewe je? Upigapo mswaki, fizi hazitoki damu?"

Tukanyamaza. Kwa kweli, miezi mingi fizi zetu za upande wa kushoto zilikuwa zikitoka damu, na kwa sababu hiyo tulikuwa tumeacha kupiga mswaki upande ule, tukidhani kwamba twaupumzisha. Nasi ndio tuwafundishao watoto usafi!

Ukoga ni nini?

Kinywani mwa kila mtu mna vidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Wa kwanza kuviandika habari zake alikuwa Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo katika mji wa Delft, aliyejitengenezea vioo vya kukuza. Mwaka 1683 alikwangua kitu cheupe kilichokuwa katikati ya meno yake, akakichanganya na maji, akakitazama kwa kioo. Akaona vidudu vidogo vinakwenda huku na huku, akawaandikia barua wataalamu wa London. Angalieni kwamba mtu huyu alisugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, na hata hivyo alivikuta.

Kitu hicho cheupe ndicho ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula, lakini sivyo. Ni utando wa vidudu vyenyewe, vilivyoshikamana pamoja na kulishika jino. Mtu akiisha kupiga mswaki, baada ya saa chache huanza kujitanda tena. Uamkapo asubuhi, ukipitisha ulimi juu ya meno ukaona utelezi kama wa jiwe la kisimani, huo ndio ukoga.

Sisi watu wa pwani tunao mfano wake karibu. Jahazi likikaa majini siku nyingi, ubao wake wa chini huota utando wa utelezi, nao huondoka kwa kusuguliwa tu. Lakini likiachwa, vigamba vigumu hushika juu ya utando ule, na hapo sharti lipandishwe pwani na kuparuzwa kwa chuma. Meno ni vivyo hivyo. Mate yetu yana chokaa ndani yake; ukoga ukikaa siku chache bila kuondolewa, chokaa huugandisha mpaka ukawa kama jiwe. Jiwe hilo ndilo ugaga. Ukoga huondoka kwa kijiti cha bure. Ugaga hauondoki ila kwa chombo cha daktari.

Madhara yake katika kinywa

Madhara ni mawili. La kwanza ni kutoboka meno. Vidudu vya ukoga hupenda sukari kama tuipendavyo sisi. Tunapokunywa chai ya sukari, au kula kashata na visheti, navyo hula, kisha hutoa ukali mfano wa siki, na ukali huo huyeyusha gamba la jino kidogo kidogo. Anayekula vitu vitamu mara moja baada ya chakula huumia kidogo. Mwenye kuonja onja mchana kutwa hulipa jino nafasi ndogo ya kupona.

La pili ni ugonjwa wa fizi, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus, nchi ya Denmaki, mtaalamu Harald Löe na wenzake waliwataka watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 mpaka 21, wote 12 walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Kisha wakaambiwa waanze kusafisha tena. Fizi zikarudi hali yake kwa muda wa kama juma moja. Basi fahamuni neno hili: ufizi utokao damu wauomba mswaki, hauukimbii. Sisi tuliuacha, na kwa kuuacha tuliuongezea ugonjwa. Lakini kama damu haikomi baada ya majuma mawili ya kusafisha vizuri, mtu na amwendee daktari, kwani huenda iko sababu nyingine.

Ukoga na ugaga vikiachwa miaka mingi, ufizi wa watu wengi huachana na jino, mfuko hutokea kati yake, na mfupa ulishikao jino huliwa pole pole. Kwa kawaida hakuna maumivu. Jino hulegea, kisha hutoka likiwa zima halina tundu. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Wako watakaosema, "Babu yangu hakupiga mswaki maisha yake, naye alizikwa na meno yake yote." Hatuwakatalii. Löe na wenzake waliwafuata wanaume 480, wafanya kazi wa mashamba ya chai nchi ya Sri Lanka, wasiokuwa na desturi ya kusafisha meno, tangu mwaka 1970 mpaka 1985. Katika kila 100, watu 11 fizi zao zilivimba tu bila kuharibika zaidi. 81 waliharibika pole pole. Na 8 waliharibika mbio mbio. Babu huyo pengine alikuwa katika wale 11. Lakini wewe, nani amekwambia kwamba wewe si katika wale 8?

Madhara yake katika mwili

Mama yetu mzazi akaa Kerege, naye ana kisukari. Kwa miaka sita meno yake matano yalitoka, moja baada ya moja, na kila mara alisema, "Ni uzee tu, baba." Sisi tuliketi naye tukila, tukamwona akiacha korosho, kisha akiacha mahindi ya kuchoma, kisha akichovya mkate katika chai mpaka ulainike, na tulikubali kwamba ni uzee. Baada ya yale ya Simba tulimpeleka kwa daktari wa meno. Haukuwa uzee. Ulikuwa ugaga juu ya kisukari.

Magonjwa haya mawili husaidiana vibaya. Kisukari hudhoofisha fizi zisiweze kupigana na vidudu. Na fizi zilizovimba hufanya sukari ya damu iwe ngumu kutulia. Mwaka 2022 wataalamu walikusanya utafiti 35 uliofanywa kwa watu zaidi ya 3,000 wenye kisukari na ugonjwa wa fizi, wakaona kwamba kutibu fizi hupunguza sukari ya damu. Kupungua kwake si kukubwa, wala hakuondoi haja ya dawa; lakini mwenye kisukari ajua thamani ya kila punguzo.

Habari ya moyo yataka tuseme kwa uangalifu. Fizi mbovu ni mlango wa vidudu kuingia katika damu. Kwa mtu ambaye milango ya moyo wake imeharibika, kama waharibikavyo wengine walioumwa homa ya baridi yabisi utotoni, vidudu hivyo vyaweza kushika pale na kuleta ugonjwa wa kuua. Mtu wa namna hiyo amwambie daktari wa meno kabla hajaguswa. Tena imeonekana kwamba wenye fizi mbovu hupatwa zaidi na shambulio la moyo na kiharusi. Lakini haijathibitishwa kwamba fizi ndizo sababu, maana tumbaku na kisukari huharibu vyote viwili.

Wanawake wenye mimba hutoka damu za fizi kwa urahisi kuliko siku nyingine. Mama asiogope, wala asiache mswaki. Na mtoto mdogo aliyekonda kwa kukosa chakula, au aliyetoka katika surua, akionekana ana vidonda vya fizi vyenye harufu mbaya, apelekwe hospitali siku ile ile. Huenda ni mwanzo wa noma, ugonjwa ulao uso wa mtoto. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliutia katika hesabu ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa mapema, huponywa kwa dawa na chakula.

Mbwa na paka

Mate ya mbwa hugandisha ukoga upesi kuliko yetu, kwa hiyo ugaga wake hauchelewi. Meno yake hayatoboki sana kama yetu; ugonjwa wake mkubwa ni wa fizi. Dalili ni hizi: harufu mbaya ya kinywa, kutafuna kwa upande mmoja, kuangusha chakula, mate yenye damu, uvimbe chini ya jicho. Paka naye hutokwa na mate, hujikuna mdomo kwa mguu, na huacha kujilamba hata manyoya yake yakachakaa. Harufu ile tuliyoiita tabia ya mbwa ilikuwa ugonjwa.

Simba alipelekwa kwa daktari wa mifugo Dar es Salaam, akatiwa dawa ya usingizi, maana ugaga wa chini ya ufizi hauwezi kuondolewa mnyama akiwa macho. Meno matatu yaling'olewa. Gharama yake ilizidi bei ya mbuzi, nasi tuliilipa kwa kukopa. Juma la pili alikula ugali wake mpaka sahani ikang'aa.

Mwenye mbwa ashike maneno haya. Usitie mkono katika kinywa cha mbwa mgonjwa. Kwanza aonwe na mtaalamu. Mtu akiumwa na mbwa, au mate ya mbwa yakiingia katika kidonda, na aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa chanjo, hata kidonda kikiwa kidogo. Mbwa achanjwe kila mwaka. Mbwa mzima, aliyezoezwa tangu udogo, aweza kupigwa mswaki laini kila siku. Lakini dawa ya meno ya watu asipewe, kwani huimeza, na nyingine zina zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu. Mifupa iliyopikwa isitumiwe kuwa mswaki wake: hupasuka vipande na kumchoma ndani.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, meno yasafishwe mara mbili kila siku, na mara ya pili iwe kabla ya kulala, baada ya hiyo asile tena kitu. Usiku mate hupungua, na ukoga hupata nafasi.

Pili, asiye na fedha za mswaki wa dukani asijidharau. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 1987, liliutaja mswaki wa mti kuwa chombo chema mahali ulipo desturi. Kata kijiti kibichi cha mti wa mswaki au mwarobaini, unene wa kalamu. Menya ganda kiasi cha upana wa kidole, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi nyuzi, usugue toka ufizini kwenda nje. Nyuzi zikichakaa, kata, uanze upya. Kosa la wengi wetu ni kusugua mbele tu, mahali panapoonekana na watu. Ndani, upande wa ulimi, huachwa. Huko ndiko ugaga unakozaliwa.

Tatu, awezaye kununua dawa ya meno na achague yenye madini ya floraidi, kwani huimarisha gamba la jino. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele tu. Wa miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya mbaazi.

Nne, mzazi amsugulie mtoto mwenyewe mpaka mtoto ajue vizuri, yapata miaka saba au minane.

Tano, tumbaku iachwe, ya kuvuta na ya kutafuna. Hudhoofisha fizi, tena ile ya kuvuta huficha damu yake, hata mgonjwa asijue kwamba anaumwa.

Majibu kwa wasomaji

Mwalimu mmoja aliyepata kufundisha Arusha auliza kama meno ya kahawia ya watoto wa huko ni ukoga. La, siyo. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro yana floraidi kupita kiasi, nayo hutia alama katika jino wakati linapoumbwa ndani ya ufizi. Haitoki kwa kusugua. Mwalimu asimwaibishe mtoto mbele ya wenzake kwa jambo asilolitenda.

Mama mmoja wa Zinga auliza juu ya mkaa na mchanga. Vyote viwili hukwaruza gamba la jino, navyo visitumiwe. Maji ya chumvi hutuliza ufizi unaouma, lakini hayaondoi ukoga.

Wengi wauliza kama ni kweli kwamba daktari akiondoa ugaga, meno hulegea. Tazameni nguzo iliyoliwa na mchwa. Ukibandua udongo wa mchwa, utaona nguzo imekwisha. Je, ni wewe uliyeila? Ugaga ulikuwa umelishika jino lililokwisha legea. Kwa kawaida, ukiondolewa mapema, ufizi hukaza tena.

Mama yetu sasa anapiga mswaki jioni pamoja na wajukuu wake, na meno yaliyobaki yametulia. Yale matano hayatarudi, wala hatuwezi kujisamehe upesi kwamba tuliyaona yakitoka tukasema ni uzee. Basi ninyi msomao, usiku huu kabla ya kulala, ulizeni nyumbani mwenu swali lile la bwana mifugo, mkianza na mzee wa nyumba. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea habari za macho ya watoto wa shule.

Kwa herini.